Kocha mzee kuachia timu Desemba, msimu hata haujashika kasi: nani anaumia hapo?

buru_mbao

Wadau wa kikapu niaje. Jana baada ya mazoezi hapa Buruburu tulibishana mpaka giza ikaingia na hakuna mtu alikubali kushindwa, kwa hivyo naileta hapa ju najua kuna wazee humu wanafuata hizi ligi za vyuo vya Marekani kutoka zamani.

Stori ni ya Bo Ryan, kocha wa zamani wa chuo cha Wisconsin. Kwa wale hawamjui, huyu mzee alipeleka Wisconsin Final Four, yaani timu nne za mwisho za ubingwa wa vyuo, mara mbili mfululizo, 2014 na 2015, na hio ya 2015 ndio ile walipiga Kentucky wakiwa 38-0, hawajaguswa na mtu msimu mzima, alafu wakapoteza fainali kwa Duke 68-63. Juni hio hio akatangaza amebakisha msimu mmoja astaafu. Kufika Agosti akaanza kuongea ni kama anaeza badilisha mawazo. Alafu tarehe 15 Desemba 2015 timu imeshinda mechi ya nyumbani na Texas A&M-Corpus Christi, mzee anaketi mbele ya waandishi vizuri tu na kusema hio ndio ilikuwa mechi yake ya mwisho. Sio mwisho wa msimu. Usiku huo huo! Timu iko 7-5, yaani imeshinda saba imepoteza tano, mechi za ligi yao ya Big Ten hazijaanza hata moja, na kiti kinaachiwa msaidizi wake Greg Gard.

Mimi naona hapo alitoroka. Unaenda kwa watu, unaketi kwa sofa ya mama ya kijana, unakunywa chai yake, unaahidi utamlelea mtoto, alafu unamwacha kati ya mitihani na Krismasi. Na kitu inanikera zaidi ni ati mwaka huo timu ilikuwa imeanza vibaya, nyota wao Kaminsky na Dekker wameenda NBA, wamepigwa nyumbani na Western Illinois, wamepigwa na Milwaukee, wamepigwa na Marquette, si ungevumilia na vijana wako buda?

Sasa hii sio ubishi ya bure kwangu. Mdogo wangu amemaliza kidato cha nne, ni mrefu mbaya na anajua kucheza chini ya ringi, na kuna chuo huko kinamtafuta. Kocha mkuu ni wa miaka sabini kasoro kidogo. Baba amekaa na hio story akaniuliza swali moja: huyu mzee akiamka Desemba aseme amechoka, mtoto wangu anarudishwa na ndege gani? Nikakosa jibu. Nisaidieni.

mzee_wa_nyayo

Kijana, hasira yako naielewa lakini umeisoma hio stori kutoka mwisho. Jiulize kwanza, mtu ambaye ameshatangaza anaenda, na mshahara wa msimu wote uko, na hakuna mtu anamfukuza, anaenda Desemba kwa nini? Si angekaa tu apigiwe makofi kila uwanja, apewe kiti cha kubembea na picha kwa fremu?

Jibu ni Greg Gard. Kocha akistaafu Aprili, mkurugenzi wa michezo wa chuo anafungua mlango, simu zinalia kutoka kila jimbo, anachagua anayetaka yeye, na msaidizi wa kocha mzee anabeba katoni yake na kuenda nyumbani. Kocha akienda Desemba hakuna mtu wa kuchukua, makocha wote wazuri wako na timu zao, kwa hivyo msaidizi anapewa ukaimu na anapata miezi mitatu ya kuonyesha kazi. Ryan hakuficha hio, alisema wazi anataka Gard apewe nafasi, na hao wawili walikuwa pamoja kutoka kule Platteville, zaidi ya miaka 20. Platteville ni chuo kidogo cha daraja la tatu na Ryan alichukua ubingwa wa taifa hapo mara nne, 1991, 1995, 1998 na 1999. Watu wanafikiri alianzia Wisconsin ile kubwa ya Madison. Alifika huko 2001 akiwa mtu wa miaka hamsini na kitu.

Na angalia venye ilienda. Gard alianza Big Ten 1-4, watu wakaanza kumtafutia mrithi tayari, alafu wakamaliza 12-6. Alirudisha ule mfumo wa zamani wa Ryan wa swing, ule kila mtu anapitia kila nafasi, mrefu anatoka nje, mfupi anaingia ndani, mpira unazunguka mpaka mlinzi mmoja alale. Machi akapewa kazi kabisa. Kwa mashindano ya NCAA, yale ya ubingwa wa taifa wa vyuo, wakafika timu 16 za mwisho, na mechi ya kuingia hapo ni ile Bronson Koenig alirusha kutoka kona muda ukiisha, Xavier wakaanguka 66-63. Wale vijana unasema waliachwa ndio hao.

Hii kitu ina ukoo wake pia. Dean Smith wa North Carolina aliondoka Oktoba 1997, mazoezi yakikaribia kuanza, akiwa na ushindi 879 ambao wakati huo hakuna kocha wa wanaume wa daraja la kwanza alikuwa amefikisha. Bill Guthridge alikuwa msaidizi wake miaka 30, akarithi, akafika Final Four 1998 na tena 2000. Jim Calhoun wa Connecticut aliondoka Septemba 2012, Kevin Ollie akashika, 2014 akachukua ubingwa. Bob Knight aliacha Texas Tech Februari 2008 na ushindi 902, mtoto wake Pat akakalia kiti. Na juzi tu, Septemba 2025, Bruce Pearl wa Auburn ameacha timu kwa mtoto wake Steven. Unaona hizo miezi? Septemba, Oktoba, Desemba, Februari. Hakuna Aprili hapo. Hawa wazee wanajua kalenda kuliko sisi.

kanyari_wa_thika_rd

Kwa hivyo ni dere ameshuka katikati ya Thika Road akaambia makanga shika usukani 😂😂

mzee_wa_nyayo

Makanga mwenye amekuwa na hio gari miaka 20 na ndio anajua breki inashika wapi. Mimi nakaa tu.

shiru_pointi

Mzee heshima yako lakini unaongea kama mtu ametazama hizi vitu akiwa kwa viti. Mimi nimekuwa kwa benchi. Sitataja chuo, wenye wananijua wananijua, lakini nilichezea timu ya chuo hapa hapa Nairobi na kocha wetu aliondoka mzunguko wa kwanza ukiwa haujaisha. Hakuna barua, hakuna mkutano, tulifika mazoezi jioni tukapata jamaa mwingine na filimbi.

Acha niwaambie kitu kocha anabeba akienda. Sisi tulikuwa na ishara za mikono. Ngumi ilikuwa inamaanisha turudi nyuma tulinde eneo, vidole viwili ni kila mtu ashike wake. Huyu mpya naye kwake ngumi ni kubana uwanja mzima. Alituambia, ni ukweli alituambia, lakini mwili haujui kuambiwa mara moja. Mechi ya kwanza robo ya tatu, tumechoka, anainua ngumi, watatu wetu wanakimbia mbele kubana na wawili tunarudi nyuma kulinda, katikati hapo pamebaki kiwanja cha gofu. Msichana wao alipita pekee yake akaweka mpira ndani akicheka. Si mara moja. Mpaka kapteni wetu akaanza kupiga kelele kwa Kikamba ndio tusikizane ju ishara zimekufa, na hapo ni wawili tu walikuwa wanajua Kikamba.

Alafu kuna ile ya moyoni. Wale walikuwa wameletwa na kocha wa zamani, ambao alikuwa amewaongelea kwa ofisi wapunguziwe karo, walianza kuangalia simu kila saa. Mmoja aliacha kuja kabisa. Kwa hivyo ukiniambia ati ni mpango mzuri wa kumrithisha msaidizi, sawa, kwa mkurugenzi na kwa kocha ni mpango. Kwa mchezaji wa mwaka wa kwanza ni Jumanne umeamka na mtu aliyekuchagua hayuko.

Na mbona hakukaa kama Al McGuire? Huyo wa Marquette alitangaza Desemba 1976 kuwa anaenda lakini akamaliza msimu, na wakachukua ubingwa Machi 1977, tena kwa huyo huyo Dean Smith wako. Inawezekana.

mzee_wa_nyayo

Shiru nakusikia, na hio ya ngumi imeniuma kama refa mstaafu. Lakini soma tena ulichoandika. Mliletewa jamaa mwingine na filimbi. Wa nje. Kama ni msaidizi wenu angeshika, ngumi ingebaki ngumi. Hio ndio tofauti yote naongea.

McGuire nakupa, huyo alikuwa peke yake. Ila kutangaza mapema na kukaa pia kuna bei yake, muulize Krzyzewski wa Duke. Alisema Juni 2021 kuwa msimu unaofuata ni wa mwisho, mwaka mzima ukawa ni sherehe ya kuaga, mechi yake ya mwisho nyumbani wachezaji wake wa zamani wamejaa hapo, North Carolina wakawapiga 94-81. Alafu Final Four wakakutana tena na hao hao, 81-77, kwaheri. Vijana wa miaka 19 walikuwa wanacheza na msiba wa mtu mwingine mgongoni kila usiku. Kuna kocha mwenye hataki hio.

ochi_robo_ya_nne

Nyinyi wote mnaongea 2015 na kurudi nyuma, dunia imebadilika. Wacheni Bo Ryan, angalieni Jim Larrañaga wa Miami. Tarehe 26 Desemba 2024, siku moja baada ya Krismasi, miaka 75, timu iko 4-8, akaachia. Huyu si mtu wa kushindwa, ni yule alitoa George Mason hakuna mtu anaijua akaipeleka Final Four 2006, na Miami akaifikisha hapo 2023. Na sababu aliitoa mwenyewe, kwamba baada ya hio Final Four alikaa na wachezaji wake na wanane wakamwambia wanaingia potali ya uhamisho, ile orodha ya mtandaoni ya wachezaji wanaotaka kuhama chuo. Wanane! Ati wanampenda, wanapenda chuo, lakini kuna pesa mahali. Mzee akasema amechoka.

Sasa Buru, nani alimtoroka nani hapo? Kutoka Julai 2021 wachezaji wanaruhusiwa kulipwa kwa jina na sura zao, na mwaka huo huo wakaruhusiwa kuhama mara moja bila kukaa nje msimu. Hata mimi nafurahia, walikuwa wananyonywa miaka yote hio. Ila usimwekee kocha mzee kiapo cha ndoa wakati kijana naye ana mlango wazi.

Tony Bennett wa Virginia naye, bingwa wa 2019, aliondoka Oktoba 2024 wiki chache kabla ya mechi ya kwanza, miaka 55 tu, akasema hayuko sawa kwa mazingira ya sai. Na mzee wa Nyayo, hapa ndio nadharia yako inachechemea: Bennett aliacha Ron Sanchez, Larrañaga aliacha Bill Courtney, wote wasaidizi wao, na hakuna hata mmoja alipewa kazi mwisho wa msimu. Miami walimaliza 7-24. Virginia walienda kuchukua Ryan Odom, na kama hamkumbuki huyo ni yule kocha wa UMBC, timu iliyopangwa namba 16, ya chini kabisa, iliyopiga Virginia ya Bennett 74-54 mwaka wa 2018. Yaani aliyemwaibisha ndio amekalia kiti chake. Hata ungeandika kwa filamu watu wangesema umezidisha.

mzee_wa_nyayo

Sikusema inafaulu kila mara, nimesema ndio sababu yao. Gard alishinda mechi, Courtney hakushinda. Kiti unaachiwa, ushindi hauachiwi.

Na hata nyumbani tumeona kocha kubadilishwa katikati ya safari na watu wakafika. Morans, timu yetu ya taifa ya wanaume, walimaliza kufuzu AfroBasket ya 2021 na Liz Mills akiwa mgeni kabisa kwa timu, wakapiga Angola 74-73 kule Yaoundé, Tylor Okari Ongwae akamaliza mchezo sekunde za mwisho, na Kenya ikarudi huko mara ya kwanza tangu 1993. Huyo mama hakuwa na muda wa kufundisha mfumo mpya, alichukua wenye wako akawaambia wafanye wanachojua.

buru_mbao

Sawa sawa nimeelewa upande wa makocha, ile ya Miami sikuwa nimeisikia. Hata hivyo Shiru amenisemea, mimi bado naona kijana anabeba mzigo. Lakini turudi kwa swali la baba. Kocha akienda, skolashipu inaenda naye? Na visa?

akoth_majuu

Kaka, hapa naeza kusaidia, nimesoma huko na nimechezea chuo kidogo, na nimeona hii ikitokea chumba cha pili kutoka kwangu.

Kwanza mtulize baba. Ufadhili ni wa chuo, si wa kocha. Kwa vyuo vya daraja la kwanza hawawezi kuukata katikati ya muda wake ati kwa sababu kocha mpya hapendi venye mtoto anacheza ama ameumia goti. Shida iko mwisho wa mwaka. Kama karatasi inasema mwaka mmoja mmoja, uliza mapema kama chuo kinaeza kukataa kuurudisha, ju hapo ndio unaeza kusikia lugha tamu, ooh tunafikiri utapata dakika zaidi kwingine. Kwa hivyo kabla ya kusaini uliza muda ni upi, na kama wanaeza kuandika miaka yote minne. Kile kocha amesema kwa WhatsApp si karatasi. Na hakikisheni ni daraja gani, kuna ndugu yetu alidanganywa hapa na wakala, akaahidiwa skolashipu ya kikapu kwa chuo cha daraja la tatu na daraja la tatu haitoi kabisa skolashipu ya michezo. Zero. Huko unalipiwa kwa masomo ama kwa uhitaji.

Pili, visa. F-1, ile visa ya mwanafunzi, imeshikana na chuo kupitia ile fomu ya I-20 chuo kinakupa. Mchezaji Mmarekani, kocha wake akienda, anaingia potali ikifunguliwa na kesho yake anapigiwa simu na vyuo vitano. Mdogo wako akifanya hivyo hivyo lazima rekodi yake ihamishwe rasmi kutoka chuo hiki kwenda kile, na kuna tarehe zake, na akiacha masomo katikati bila mpango ndio hio ndege baba anaongelea. Kila chuo kina ofisi ya wanafunzi wa kigeni. Aende huko KABLA ya kuongea na kocha yeyote mwingine. Wale wanaofanya kazi hapo wanajua zaidi ya wakala wote wa Nairobi wakiwekwa pamoja.

Tatu, hizi pesa Ochi anasema. Ni kweli, na kutoka uamuzi wa korti wa Juni 2025 vyuo vyenyewe vinaruhusiwa kulipa wachezaji moja kwa moja, mwaka wa kwanza kama dola milioni 20.5 kwa chuo kizima, michezo yote. Lakini mtu wa F-1 anaruhusiwa kazi ya ndani ya chuo masaa 20 kwa wiki wakati wa masomo, nje ni mpaka kibali. Pesa ya matangazo kwa mgeni ni mahali pa giza, asisaini chochote bila wakili wa uhamiaji hata kama mwenzake wa chumba anaendesha gari mpya. Najua itauma.

Na usiogope sana umri wa kocha. Msichana wetu Madina Okot alitoka chuo cha Zetech hapa nyumbani, akapitia China, akacheza Mississippi State, alafu South Carolina, hizo zote ni mabenchi tofauti na makocha tofauti, na mchezo wake umepanda tu.

shiru_pointi

Akoth hio ya wakala iandikwe kwa ukuta wa kila uwanja hapa Nairobi. Buru, mimi ningeongeza moja. Uliza msaidizi ni nani na amekaa hapo miaka mingapi. Sikubaliani na mzee kuwa ni sawa kuacha watoto Desemba, sitakubali, lakini kama itafanyika basi huyo msaidizi ndio atakuwa kocha wa mdogo wako kesho yake asubuhi.

ochi_robo_ya_nne

Na uliza nani alimuona kwanza kwa video. Mara nyingi si kocha mkuu, ni msaidizi mmoja amekaa na kompyuta usiku. Huyo ndio yako.

buru_mbao

Ni ukweli, hata mzee mwenyewe tumeongea naye mara moja tu, dakika chache, hizo simu zingine zote ni za msaidizi. Amekuwa na huyo kocha miaka kumi na kitu, aliniambia akijisifu. Tuna simu nao Jumamosi saa tatu usiku, baba atakuwa hapo. Nitauliza muda wa skolashipu, karatasi, na hio ya mrithi nitaiuliza kwa heshima nisionekane nazika mtu.

mzee_wa_nyayo

Uliza tu wazi, kocha wa umri huo ameshaulizwa na kila mzazi. Akikasirika hio pia ni jibu. Na umuulize msaidizi nani hupanga mazoezi ya kila siku, akisema ni yeye na akakutajia ya jana yalikuwa nini bila kufikiri, hapo umepata mtu.

akoth_majuu

Na hizo saa tatu mmehesabu vizuri? Kule Novemba wanarudisha saa nyuma, tofauti na sisi inaongezeka saa moja, msije mkawa mnapigia mtu akiwa kwa mazoezi.

buru_mbao

Ngai, hio sikuwa nimefikiria. Wacha niwaandikie sai.